Injini ikimisi: kuskani au kuhamisha koili?
Gari yangu ni NZE (Toyota Corolla) ya kitambo, ikianza kumisi, yaani silinda moja inakosa kuwaka vizuri, kwa jam ya Thika Road inatetemeka mpaka unaona haya. Kuskani, yaani kusoma kompyuta ya gari na mashine, ni haraka, unapata kodi ya hitilafu (si ya landilodi) kama P0302, yaani silinda ya pili, lakini haisemi kama ni koili (inayopa plagi umeme), plagi (inayotoa cheche) ama injekta (inayonyunyiza mafuta), na hapo ndio watu hukimbia Grogan, kwa wauza spea Nairobi, kununua koili bila sababu. Mimi napenda kuhamisha: zima injini, koili ya silinda ya pili peleka ya tatu, na ya tatu irudi ya pili, futa kodi, washa, ikigeuka P0303 basi koili imekufa. Kodi isipohama jaribu plagi, ila injini ipoe kwanza. Koili yenyewe inatoka na spana namba 10 tu.