Mafundi wa Miti Waliopogoa Mjakaranda Wetu: Tathmini ya Kazi Yao

Mjakaranda ulioko mbele ya nyumba yetu hapa Milimani, Nakuru, ulipandwa na marehemu baba mkwe wangu mwaka 1974. Haukutusumbua hadi mwaka 2016, wakati mtu mmoja mwenye msumeno alipopita mtaani akatushawishi tuukate kichwa ili upungue urefu. Alilipwa shilingi 4,000, akapewa na kuni, akaenda zake. Mvua ziliponyesha, kila kisiki cha tawi kilichipuza fimbo kumi, kumi na mbili, zilizosimama wima kama bakora, na kufikia mwaka jana fimbo hizo zilikuwa zimenenepa kama paja la mtu mzima na kuinamia paa letu la mabati, ilhali pale palipokatwa, kuni ya ndani ya mti ilikuwa imegeuka kuwa laini kama mkate uliolowa. Usiku wa upepo mkali sikuweza kulala. Hali hiyo ndiyo iliyonifanya nitafute watu wanaoitunza miti kama kazi yao, si wanaoikata tu, na mwezi Januari nikaelekezwa kwa kikundi cha mafundi wanne walioko upande wa Lanet. Nimengoja mvua za masika zipite kabla ya kuandika, kwa kuwa kazi ya mti haitathminiki siku ile ile inapomalizika.

Kiongozi wao alikuja kwanza peke yake, bila msumeno. Alibeba nyundo ya mbao, darubini na ufito mwembamba wa chuma. Aliuzunguka mti mara tatu kabla ya kusema neno, kisha akaanza kugonga shina kuanzia usawa wa goti hadi mkono wake ulipofika, sikio likiwa karibu na gome. Sehemu kubwa ilitoa sauti kavu na fupi, lakini upande unaoelekea lango, chini ya jeraha kubwa la mwaka 2016, sauti ilibadilika ikawa ya kitu kilicho wazi ndani. Akatia ufito kwenye ufa, ukazama kama sentimita 20. Hapo nilidhani ataniambia mti ukatwe wote, kwa maana ndivyo nilivyokuwa nimeambiwa na wawili waliomtangulia. Badala yake aliniuliza mtaro wa maji machafu ulichimbwa lini na upande gani, na ni nani aliyetandaza kabro, yale matofali ya saruji ya kusakafia uani, hadi kwenye shina.

Kabro tuliziweka mwaka 2019. Alinieleza kwamba mizizi mingi inayonyonya maji haiko chini sana kama watu wanavyofikiri, bali imo katika nusu mita ya juu ya udongo, na hutambaa mbali kupita kivuli cha matawi. Kwa hiyo anayeshindilia kokoto na kutandaza kabro juu yake huunyima mti maji na hewa kwa wakati mmoja. Nilifundisha Baiolojia kwa miaka 27, na habari ya mizizi kuhitaji oksijeni niliiandika ubaoni kila mwaka. Sikuwahi kuitazama ikiwa uani kwangu. Tulikubaliana kwamba kabro zilizo karibu na shina ziondolewe kwa umbali wa mita mbili, na mahali pake patandazwe vipande vya matawi yaliyokatwakatwa, visigusane na gome.

Mpango aliotoa ulikuwa wa miaka mitatu, na nakiri kwamba mwanzoni niliushuku, nikadhani ni njia ya kurudi mfukoni mwangu mara tatu. Sababu yake hata hivyo ni nzito. Majani ndiyo jiko la mti, na mti uliokatwa kichwa tayari umetumia akiba yake kujenga upya jiko hilo. Ukiondoa fimbo zote kwa siku moja, mti utajibu kwa kutoa nyingine nyingi zaidi, dhaifu zaidi. Fimbo za namna hii hazikuota kutoka ndani kama tawi la kawaida ambalo kuni yake imesukana na ya shina, bali zimejishika juu juu pembeni mwa kisiki, na kadiri zinavyonenepa ndivyo uzito unavyozidi nguvu ya kiungo. Basi katika kila kisiki huchaguliwa fimbo moja au mbili zilizo imara, nyingine huondolewa au kufupishwa kidogo kidogo, na kwa mara moja haiondolewi zaidi ya robo ya majani yote.

Siku ya kazi walikuja wote wanne. Napenda kueleza kwa kirefu jinsi tawi moja lilivyokatwa, kwa kuwa ndiko nilikoona tofauti kati ya fundi na mtu mwenye msumeno. Tawi lenyewe lilikuwa juu ya chumba cha kulala, nene kama sentimita 25. Kijana mpandaji alijifunga kwa kamba mbili, si moja, kabla ya kuwasha pawasoo, yaani msumeno wa mashine, na miguuni hakuvaa ile miiba ya chuma inayotumika kupandia nguzo, kwani kila hatua ya miiba hiyo ni tundu katika gome la mti unaotaka uishi. Aliifunga ncha ya tawi kwa kamba nyingine iliyopitishwa kwenye panda ya juu na kushuka hadi kwa mzee mmoja aliyekuwa chini, ambaye aliizungusha mara tatu kwenye shina ili msuguano umsaidie kuubeba uzito. Kisha kijana akakata kwanza kutoka chini, kiasi cha sentimita 30 kutoka shinani, akaishia robo ya unene. Akasogea nje kidogo, akakata kutoka juu. Tawi lilikatika bila kuchana hata uzi mmoja wa gome, likaning'inia, likashushwa taratibu hadi kwenye nyasi. Kikabaki kigutu. Hapo akazima pawasoo, akachukua msumeno wa mkono, akapapasa kwa vidole pale tawi lilipoungana na shina. Mahali hapo pana uvimbe mdogo unaozunguka tawi kama kola ya shati, na juu yake gome limekunjamana. Alikata nje ya kola hiyo, bila kuigusa na bila kuacha kigutu.

Niliuliza kwa nini anajisumbua kwa sentimita mbili tatu. Kiongozi aliniita nisogee kwenye jeraha dogo la zamani, la tawi lililokauka na kuanguka lenyewe miaka mingi iliyopita. Pembeni mwake palikuwa na pete ya kuni mpya iliyojaa na kuwa laini, karibu kuufunga uwazi wote, kama mdomo unaofumbwa polepole. Kisha akanionyesha jeraha la mwaka 2016 ambalo lilikatwa sambamba na shina, kola yote ikaondolewa: pete haikuwapo upande wa juu wala wa chini, na uozo ulikuwa umeteremka ndani. Mti hauponi kidonda kama mwili wetu unavyopona. Hauondoi sehemu iliyoharibika na kuweka mpya mahali pake. Huizingira kwa kuta, kisha hukua kuizunguka. Aliyelieleza jambo hili vizuri ni Alex Shigo, mtaalamu wa Marekani aliyefariki mwaka 2006, ambaye alipasua maelfu ya magogo kwa urefu ili atazame uozo ulivyosafiri ndani yake. Kola ya tawi ni mojawapo ya ngome hizo, na anayeikata ameubomolea mti ukuta kabla ya adui kufika.

Kuhusu jambo hili palizuka mabishano ambayo yalinifurahisha kuliko nilivyotazamia. Mzee wa kamba, ambaye alianza kazi hii kwa kukata miti ya kuni, alishikilia kwamba kidonda kipakwe oili chafu, kama baba yake alivyofanya. Kijana akamjibu kutoka juu, "Mzee, huu ni mti, si nguzo ya ua." Mzee akasema kwamba yeye alipaka oili tangu kijana huyo hajazaliwa na miti haikumlalamikia. "Ilikufa kabla ya kulalamika," akajibu mwingine aliyekuwa akikusanya matawi, na wote wakacheka, mzee akiwamo. Kiongozi hakumvunjia mzee heshima. Alimwambia kwa upole kwamba rangi na oili hazizuii kuvu kuingia, mara nyingine huhifadhi unyevu ambao kuvu huupenda, na kwamba kidonda kilichokatwa vizuri kinataka hewa tu. Mzee aliguna, akashika kamba yake. Nilipomuuliza baadaye kama amekubali, aliniambia, "Mwalimu, mimi nimekubali, ni mkono ndio bado unatafuta mkebe."

Utani wao haukukoma kutwa nzima, nami nilielewa baada ya muda kwamba ndani yake mlikuwa na kazi. Kijana alipochelewa kukata, mzee alimwambia analipapasa tawi kama analichumbia. Lakini papo hapo aliongeza kuuliza kama ameona gome lililomezwa kwenye panda. Alikuwa ameliona yeye kutoka chini: panda yenye umbo la herufi V, ambapo matawi mawili yanabanana na gome kukwama katikati, hata kuni haishikani. Kijana alihamisha kamba yake kutoka kwenye panda hiyo mara moja bila kujibu mzaha. Hakuna aliyesogea chini ya mti bila kupaza sauti na kujibiwa. Wote walivaa kofia ngumu, na mpandaji alikuwa na suruali nzito yenye nyuzi ndani ambazo hunasa mnyororo na kuusimamisha kabla haujafika mguuni.

Nije kwenye kasoro, maana zipo. Walipanga kufika saa mbili asubuhi, wakafika saa nne kasorobo bila kupiga simu. Matawi makubwa yaliachwa langoni siku mbili kwa sababu gari waliloahidi halikuja, na jirani yangu alishindwa kutoa gari lake asubuhi moja. Kubwa zaidi ni kwamba upande mmoja wa mti unapakana na waya za umeme, nao walikataa kuugusa hadi Kenya Power, shirika la umeme, waje. Kukataa huko ni sahihi kabisa, wala nisingemruhusu mtoto wa mtu apande hapo. Ninacholalamikia ni kwamba kiongozi aliziona waya hizo siku ya ukaguzi na hakuniambia, hivyo nikalazimika kufuatilia mwenyewe baada ya kazi kuanza, na siku ya pili ya kazi ikasogezwa wiki tatu. Hesabu ya gharama pia aliitoa kwa mdomo. Nilipomwomba aiandike aliiandika, ila haikupasa niombe.

Migrevilea mitatu ya uani waliimaliza kwa muda wa saa mbili hivi, na sina la kueleza sana. Ni mti uliotoka Australia na kuzoeana na wakulima wetu tangu ulipokuwa kivuli cha chai na kahawa. Huvumilia kukatwa matawi yote na kuchipua tena, na nadhani uvumilivu wake huo ndio unaowaponza mijakaranda na miparachichi yetu, kwani mtu aliyejifunza kwa mgrevilea shambani hudhani kila mti utamsamehe.

Walitoza shilingi 22,000 kwa mjakaranda na 6,000 kwa migrevilea, nusu kabla ya kazi na nusu baada, kwa M-Pesa. Si pesa kidogo kwa mtu anayeishi kwa pensheni. Kwa mjakaranda naona zilistahili. Kwa migrevilea mtu anaweza kupata fundi wa bei nafuu asipate hasara.

Kiongozi alirudi mwezi Juni, baada ya masika, kama alivyoahidi, na hakutoza chochote. Machipukizi mapya yalikuwa yameota kuzunguka vidonda vichache, marefu kama kidole. Hakutoa kisu wala msumeno. Aliegemeza ngazi, akayasugua kwa dole gumba yakang'oka, akanionyesha kitako cheupe cha kimoja na kusema kwamba yakifikia unene wa penseli nimwite, na kabla ya hapo naweza kuyaondoa mwenyewe yale ninayoyafikia. Kwenye kidonda cha lile tawi la juu ya chumba cha kulala, pete ilikuwa imeanza kutokeza pande zote, nyembamba kama uzi wa kushonea viatu. Awamu ya pili tumeipanga mwezi Januari ujao. Anayehitaji namba yao ya simu aniandikie faraghani, na akipanga nao siku, aombe hesabu iliyoandikwa na aulize mapema habari za waya za umeme.