Masaji ya bayodainamiki: tathmini yangu baada ya vipindi 12

Nimemaliza vipindi 12 hapa London, kimoja kila wiki, na ninaandika kwa anayefikiria kulipia.

Kinachoitofautisha na masaji nyingine ni stethoskopu, kile kifaa cha daktari cha kusikilizia mwili. Mkandaji huiweka tumboni, karibu na kitovu, chini ya shuka, na sauti za tumbo ndizo zinazomwongoza. Mpira wake uwe mrefu, aweze kufika miguuni huku bado anasikia. Wengine wana ya umeme yenye spika, nanyi mnasikia wote wawili. Mwanzilishi ni Gerda Boyesen (1922–2005), mwanasaikolojia wa Norway aliyesomea pia fiziotherapia kabla ya kuja kufanya kazi London. Aliona kwamba wagonjwa ambao matumbo yao yalinguruma wakikandwa ndio waliopata nafuu zaidi, akajenga nadharia kwamba utumbo humeng'enya chakula na pia mfadhaiko. Sisi tunaosema "tumbo joto" tunamwelewa upesi. Lakini hiyo ni nadharia ya shule yake, na ukiambiwa sayansi imeshaithibitisha, usikubali.

Dakika 60 zilikwenda hivi: kama 10 za mazungumzo, 40 za kukandwa, 10 za kulala kimya. Hizo za mwisho zidai. Ukiinuka ghafla kizunguzungu kinakuja, na utulivu wote unaishia mlangoni.

Kazi yenyewe ni ya polepole kuliko unavyotarajia. Mkono hubonyeza msuli unapotoa pumzi, huachia, kisha husubiri. Tumbo likitoa sauti kama maji yanayotiririka, mkandaji hubaki palepale. Likinyamaza hupunguza nguvu au huhamia kwingine, mara nyingi kwenye vifundo vya miguu. Kosa ninaloliona kubwa kuliko yote ni haraka: msuli uliokaza ukilazimishwa hukaza zaidi, pumzi hukatika, tumbo huzima. Kosa la pili halisemwi sana. Msuli uliolegea kupita kiasi haufai kubonyezwa kwa kina. Unahitaji kuamshwa kwa mguso mwepesi wa kuinua, la sivyo unatoka pale ukiwa mchovu kuliko ulivyoingia. Mkandaji wa kwanza niliyemjaribu alikanda mwili mzima kwa nguvu ileile huku akizungumza. Stethoskopu ilikuwa pambo tu.

Na sauti zenyewe hudanganya. Ukija umeshiba, unachosikilizwa ni ugali wako, kwa hiyo kula kidogo, saa mbili kabla. Tumbo tupu nalo lina mawimbi yake ya kujisafisha, takriban kila dakika 90 hadi 120, na hunguruma hata kama hujaguswa. Ndiyo maana mkandaji mzuri halitegemei tumbo peke yake: hutazama pumzi, rangi ya uso na joto la vidole vya miguu.

Sasa jambo la kulipa uzito. Masaji hii na saikotherapia ya mwili (tiba ya nafsi inayotumia mazungumzo na mwili pamoja) ni kazi mbili, hata kama chumba na mikono ni vilevile. Ukiguswa kifuani au tayani, kilio au kumbukumbu ya zamani inaweza kupanda bila kuitwa. Aliyesomea masaji pekee hapaswi kuichimba. Anatakiwa apunguze mguso, arudi kwenye miguu, akuombe ufungue macho na kukanyaga sakafu. Wa kuifanyia kazi ni mtaalamu wa saikotherapia, na kwa kuwa Uingereza jina hilo halilindwi na sheria, tafuta jina lake kwenye orodha ya chombo kama UKCP, baraza la saikotherapia la Uingereza, kabla ya kulipa. Muulize pia nani anamsimamia. Akikasirika kwa swali hilo, ondoka.

Mwenye damu iliyoganda mguuni, homa au kidonda kipya cha upasuaji asikandwe. Mwenye kusikia sauti zisizokuwepo apite kwa daktari kwanza. Nguo unaweza kubaki nazo, na neno "hapana" lisikilizwe mara moja.

Kwangu mimi taya zimelegea na usingizi umekuwa mrefu, ingawa jioni ya siku ya masaji nilikuwa sifai kwa kazi yoyote. Usipange kuendesha gari mara tu baada ya kuinuka. Nyota 4 kati ya 5. Ile moja nimeizuia kwa sababu sikupewa mpango wowote wa maandishi, na kufikia kipindi cha 6 ilinibidi niulize mwenyewe tunaelekea wapi.