jamovi, R na kaunta buku langu la dagaa wa Kibirizi

Miezi mitatu nilishuka mwalo wa Kibirizi, Kigoma, kila alfajiri, kaunta buku mkononi, kuhesabu ndoo za dagaa zinaposhushwa. Nilitaka kujua mbalamwezi inapunguza kiasi gani mavuno ya wavuvi wa taa. Hela ya leseni ya SPSS, programu ya kuchambua takwimu, sikuwa nayo, na nakala ya wizi niliyopewa kwenye flashi ilikuja na virusi, ikanificha mafolda yote. Nikaamua: programu za bure, tena za halali.

Ya kwanza, PSPP, ni nyepesi na inafungua faili za SPSS za .sav, aliyezoea SPSS hapotei. Lakini modeli ya data za idadi, kama ndoo zangu, sikuipata humo.

jamovi, programu nyingine ya takwimu, ndiyo iliyonifumbua macho. Niliingiza data, nikaomba wastani wa ndoo, ukagoma kutoka. Kutazama juu ya safu, badala ya alama ya rula kuna viduara vitatu: imeisoma kama maneno. Kumbe siku nyingine niliandika "hakuna" mahali pa namba. Nilipoyafuta, jedwali likajibadilisha palepale na kunionyesha seli ngapi ziko wazi. Zilikuwa nyingi mno, nikashtuka. Nikarudi mwaloni kwa mzee mmoja anayewajua wavuvi wote, tukapitia ukurasa kwa ukurasa. "Huyu alikwenda, hakupata. Hawa hawakuingia ziwani kabisa, mwezi ulikuwa mpevu." Wa kwanza ni sifuri, hao wengine seli yao ibaki wazi. Ningewachanganya, utafiti wote ungekuwa uongo, na hakuna programu ambayo ingenikamata. Kwa jedwali lile tu naishukuru jamovi.

Tatizo ni bando. Ndoo zangu zinarukaruka: leo mbili, kesho arobaini. Modeli ya Poisson, ile ya kawaida kwa data za idadi, haikufaa, kwani inadhani mtawanyiko ni sawa na wastani. Ndani ya jamovi dawa yake ni GAMLj, moduli ya nyongeza, nayo unaipakua kando, na mtandao wa nyumbani kwetu Ujiji siku hiyo ulikuwa umelala. R, lugha ya kompyuta ya takwimu iliyoanzishwa na Ross Ihaka na Robert Gentleman huko Auckland, Nyuzilandi, inakuja na kifurushi cha MASS tayari, na ndani yake kuna glm.nb, amri ya modeli inayoruhusu mtawanyiko kuzidi wastani. Mstari mmoja, bila intaneti, jibu likatoka.

R inatisha, sikatai. Mabano moja ukilisahau, inakungoja kimya na alama ya kujumlisha. Ila jamovi yenyewe imejengwa juu ya R, na ukiwasha hali ya sintaksia inakuonyesha amri iliyotumika. Nilijifunza kwa kuzinakili hizo, jioni baada ya jioni.

Kwa hiyo ndugu yangu unayeanza, siku ukipata Wi-Fi nzuri pakua zote mbili pamoja na GAMLj. Safisha data kwenye jamovi, faili lake la .omv linabeba data na majedwali pamoja, msimamizi wako atafungua kila kitu mara moja. Modeli ngumu ipeleke R. Na kaunta buku usilitupe.