MPH ya jioni: nyota nne kwa aliye kazini, mbili kwa anayeunganisha moja kwa moja kutoka shahada ya kwanza

Mimi ni bwana afya, niliingia halmashauri kwa shahada ya kwanza ya afya ya mazingira. Kazi ni kukagua machinjio, vibanda vya mama lishe na vyoo vya shule, na kupima klorini ya maji kipindupindu kikibisha hodi. Baadaye nikasoma MPH, yaani uzamili wa afya ya jamii, jioni hapa Dar. Chuo sikitaji.

Kwanza ajira. Iliyonipa mkate ni shahada ya kwanza. Tangazo la Afisa Afya Mazingira kwenye Ajira Portal, tovuti ya ajira za serikali, linataka fani hiyo pamoja na usajili wa baraza la wataalamu wa afya ya mazingira. MPH haizibi pengo hilo.

Kilichonilipa kwenye MPH ni epidemiolojia (jinsi magonjwa yanavyoenea kwa watu) na biostatistiki (takwimu za afya). Awali taarifa yangu ya wagonjwa wa kuhara ilikuwa jumla tu. Darasani tukabanwa tuwapange kwa siku mgonjwa alipoanza kuumwa, si siku aliyofika zahanati, na hapo ndipo unaona mlipuko ulianza lini. Siku hizi nikifungua DHIS2, mfumo wa kompyuta wa takwimu za vituo vya afya, naijua zahanati inayopika takwimu: kila mwezi namba zilezile, hata mvua ikinyesha mafuriko. Halafu unasoma na madaktari, wafamasia na watu wa maabara. Ukishabishana nao usiku kucha juu ya sampuli, kikaoni hawakuiti tena "yule wa vyoo".

Tasnifu ndiyo kero. Msimamizi wangu alikalia sura ya tatu mpaka nikasahau nilichoandika, na kibali cha maadili ya utafiti nacho kina foleni yake.

Mshahara? Joho halikuongeza hata senti. Waliokuwa wakifaidi ni wenzetu wa ufuatiliaji na tathmini kwenye miradi ya wafadhili, ambako uzamili ulikuwa na uzito. Januari 2025 Marekani iliposimamisha misaada, baadhi yao walirudi kusambaza wasifu. Ada usiipigie hesabu kwa mshahara wa mradi.

Mdogo wangu uliyemaliza shahada juzi, usiunganishe. Nenda kwanza kata yoyote, hata kwa kujitolea, mpaka upate swali linalokusumbua kazini. Hilo ndilo litakuwa tasnifu yako. Na kabla hujalipa ada, ulizia kila msimamizi ana wanafunzi wangapi, kisha uwahi mwenye wachache.