Makumbusho ya Taifa au Nairobi Gallery?

Ukiwa na alasiri moja tu Nairobi, Makumbusho ya Taifa yatakupa upana: habari za Mvulana wa Turkana, binadamu wa kale aliyeishi miaka milioni 1.5 hivi iliyopita na ambaye Kamoya Kimeu, mtafutaji wa mifupa ya kale, aliona mabaki yake mwaka 1984, kisha ndege, kisha picha zilizochorwa na Joy Adamson. Wenye watoto, nendeni huko.

Mtu mzima apendaye sanaa ningemtuma Nairobi Gallery, Kenyatta Avenue inapokutana na Uhuru Highway. Jengo lenyewe, la 1913, lilikuwa ofisi ya serikali ya kikoloni. Humo watu waliandikisha vizazi, ndoa na vifo. Leo limehifadhi mkusanyo wa Joseph Murumbi, aliyekuwa makamu wa pili wa rais wa Kenya: vitambaa, vito na sanamu kutoka pembe nyingi za Afrika. Kila chumba kinaonyesha mapenzi ya mtu mmoja kwa bara zima.