Mafunzo ya Kudhibiti Visumbufu kwa Vikundi vya Wakulima wa Viungo
Mafunzo haya, ambayo kikundi chetu kiliyapata kwa msimu mzima, yamenigusa kwa sababu hayakuanza na dawa bali na mpangilio wa kikundi chenyewe. Ugonjwa wa kuoza shina la pilipili manga, unaoletwa na kimelea kinachofanana na kuvu kiitwacho Phytophthora, husafiri na maji ya mvua na udongo unaonata kwenye majembe, hivyo mkulima anayechimba mifereji peke yake, huku jirani akiacha maji yatuame, hujichosha bure. Tulijifunza kukagua mashamba kwa zamu na kuzalisha kwa pamoja kuvu rafiki aina ya Trichoderma, inayopambana na vimelea vya ugonjwa kwenye udongo. Kinachoniuma ni kwamba vithiripi vya iliki, yaani wadudu wadogo sana wanaoishambulia, vilipewa saa moja tu, na kumbukumbu za upuliziaji, ambazo wanunuzi wanaohofia mabaki ya viuatilifu huzidai, hazikuguswa kabisa.