Mughal-e-Azam ya rangi: nyota mbili, na yule kijana wa flashi hana hata moja

Nianze na kijana wa dukani, maana nikianza na filamu hasira zitanipoa.

Ni haya maduka madogo ya kujaziwa muvi na nyimbo kwenye flashi, liko mtaani kwetu hapa Dar. Ilikuwa siku chache kabla ya Idi, au baada yake, sikumbuki vizuri. Haja yangu ilikuwa ndogo: Mughal-e-Azam, ile filamu ya Kihindi, ile yenyewe, nyeusi na nyeupe. Mama yangu amevuka themanini, anakaa kwangu, macho yameanza kuingia ukungu lakini masikio mazima kuliko yangu, na tangu mvua zianze hana wimbo mwingine ila "nitafutie picha yangu". Waunguja wa rika lake filamu ni picha, usiwaambie muvi.

Kijana hakuvua hata hedifoni. Akasema anayo, kali sana, ya rangi. Nikamwambia mwanangu, mimi naitaka isiyo ya rangi. Akanitazama kama niliyeagiza chai isiyo na maji. "Hiyo haipo, mama." Nikamwambia ipo, ilitengenezwa hivyo, mwaka 1960. Hapo ndipo alipocheka. Akamgeukia mwenzake aliyekuwa anatengeneza simu, wakacheka wawili, kisha akanielimisha: "Mama, muvi ilikuwa na rangi tangu mwanzo. TV zenu ndo zilikuwa hazina rangi."

TV zenu!

Nimelipa elfu tatu zangu nikaondoka, na jibu likanijia nimeshafika kwenye kona ya muuza mihogo, yaani limechelewa. Jibu lenyewe ni hili, na kama anasoma alipokee: sisi Zanzibar tulikuwa na televisheni ya rangi mwanzoni mwa miaka ya 1970, wakati huku bara hamna televisheni ya aina yoyote, na mlisubiri mpaka miaka ya 1990. TV zetu, baba, zilikuwa na rangi. Filamu ndiyo haikuwa nayo. Nilifikiria kurudi kumwambia. Nikaona mihogo itapoa.

Haya, filamu. Kisa sitakisimulia, mwana wa mfalme kampenda mcheza ngoma wa ikulu, baba hataki, mengine mnayajua. Asiyeijua anahitaji kuelewa jambo moja tu. K. Asif, mwongozaji wake, aliipiga karibu yote kwa nyeusi na nyeupe, halafu wimbo mmoja na sehemu ya mwisho akazipiga kwa rangi ya kweli, Technicolor. Wimbo wenyewe ni ule wa ukumbi wa vioo. Umekaa kwenye kijivu muda mrefu mpaka umesahau kama kuna kitu kinaitwa rangi, ghafla Madhubala, ndiye mcheza ngoma mwenyewe, huyo hapo mbele ya mfalme Akbar, ukumbi unawaka, vioo vya darini vinamrudisha yeye mmoja akawa mamia, na mfalme pale kwenye kiti hana pa kuyaweka macho.

Mama aliiona akiwa msichana, kabla ya Mapinduzi, kwenye sinema ya Majestic au Empire huko Unguja, hapo kila siku hujikanganya. Lilikuwa onyesho la wanawake watupu, zanana wakiita. Anasema rangi ilipoingia ukumbi mzima ulipiga ukelele, mabuibui yakasimama, na bibi mmoja nyuma yao akaanza kusoma dua kwa sauti kama aliyeona mwezi umepasuka. Hadithi hii nimeisikia tangu sijaota meno. Ndiyo niliyokuwa nainunua kwa elfu tatu, si filamu.

Sasa hii niliyopewa, iliyotoka mwaka 2004, ina rangi tangu picha ya kwanza. Mapazia yana rangi, farasi wana rangi, mazulia yana rangi, kila askari na kilemba chake. Tukakaa. Nimempangia mama mito, kahawa ipo, kashata zipo. Ukafika ukumbi wa vioo, moyo unanienda mbio mimi kuliko yeye, namtazama yeye sitazami runinga. Wimbo ukaanza, ukaenda, ukafika katikati. Mama akanigeukia.

"Mwanangu, ndio huu?"

Basi. Ndio huu. Macho yalikuwa yameshashiba. Ni kama mtu anakulisha halua tangu alfajiri, halafu magharibi anakuja na sahani anakwambia karibu, leo tuna kitamutamu. Kazi yote aliyoifanya yule bwana ya kutunyima, ili atupe mara moja, wameifuta kwa kutupa kila saa. Usiku ule nilikuwa tayari kuandika sifuri. Sifuri na laana.

Nikarudi tena kesho yake peke yangu, mama kalala, nikawa nasimamisha picha nione kosa liko wapi. Liko kwenye ngozi. Kwenye sehemu zilizotiwa rangi, kwa macho yangu, mfalme na mtumwa na mlinda mlango wote wamepakwa chai ya maziwa ileile, uso, shingo na viganja sawasawa. Ukiingia wimbo wa vioo, uso wa Madhubala unapata damu: shavu lina rangi yake, sikio lake, na pale chini ya kidevu kivuli kinaingia wekundu kidogo. Wimbo ukiisha, chai ya maziwa inarudi. Yaani wameweka bandia na halisi ubavu kwa ubavu, kisha wakatumaini hatutaangalia.

Ila niseme haki. Si kazi ya mchezo. Filamu hupita fremu 24 kila sekunde. Kwa saa 3 ni zaidi ya robo milioni, na kila moja ilibidi isafishwe mikwaruzo kwanza ndipo kijivu kigeuzwe rangi. Na sauti waliifanyia kazi upya. Kwa mtu mwenye macho ya mama, sauti ndiyo filamu. Muziki wa Naushad umekaa kila chombo mahali pake, na Lata anaimba kama yuko chumba cha pili anakunja nguo. Mama alifumba macho kwenye nyimbo mbili akawa anafuata kwa midomo, Kihindi hajui neno, wimbo anaujua wote. Hapo nyota moja nimewapa. Nyingine ningewapa, wakaipoteza wenyewe, maana hii ya rangi imekatwa karibu dakika 20. Mama kakaa anasubiri wimbo anaoujua, ananiuliza umepita? Namwambia bado. Mpaka filamu imekwisha, bado.

Nilipokuwa natafuta maneno makali ya kuandikia hapa, nikasoma kidogo mambo haya ya kutia rangi filamu za watu. Marekani walipoanza miaka ya 1980, kompyuta ilimpa mwimbaji Frank Sinatra macho ya kahawia. Sinatra! Mtu ambaye macho yake ya buluu yalikuwa jina lake la utani. John Huston, mwongoza filamu, naye alipiga kelele filamu zake zisitiwe rangi mpaka mwisho wa uhai wake, na baada ya kufa watoto wake wakawashinda wenye filamu mahakamani huko Ufaransa, mwaka 1991. Nikafurahi. Nikajiandaa kumfanya K. Asif kuwa Huston wetu, marehemu aliyedhulumiwa, na mimi wakili wake.

Kumbe bwana mwenyewe alitaka rangi. Alipoona ule wimbo umetoka vizuri, alitaka kuipiga filamu nzima upya kwa rangi. Waliotia pesa na waliotakiwa kuisambaza ndio waliokataa, walikuwa wamechoka kusubiri. Kwa hiyo ule mshangao wa mama, mabuibui kusimama, bibi na dua yake, ni kwa sababu fedha na subira ziliwaishia watu Bombay.

Nikaifunga kompyuta, nikaenda kuosha vyombo.

Lakini hata. Kutaka kwake hakumfanyi kijana wa flashi awe na haki. Na Asif angepaka rangi nguo zake mwenyewe, angechagua kitambaa mwenyewe, si mtu wa miaka 40 baadaye kukisia. Maana kuna suala la nguo, na hili ndilo lililoharibu nyumba.

Kuna ule usiku wa unyoya, Dilip Kumar, yule mwana wa mfalme, anampitishia Madhubala unyoya mweupe usoni, hawasemi kitu. Mama na mama mdogo walitoka sinema siku ile kila mmoja anakwenda kwa fundi wake kushonesha lile vazi. Mama alishona la zambarau, kwa sababu lilikuwa la zambarau. Mama mdogo alishona la buluu, kwa sababu lilikuwa la buluu. Wamebishana miaka 60 na ushei, mmoja akiwa Unguja na mwingine Maskati, kwa barua, kwa simu ya kukatika katika, sasa kwa ujumbe wa sauti wa dakika saba saba. Ni ubishi wao mtamu kuliko wote. Filamu ya rangi ikaja ikatoa jibu, na jibu si zambarau wala si buluu.

Mama alinyamaza kimya. Nikadhani hakuona. Baadaye nikamsikia chumbani anamrekodia mdogo wake: "Bibiye, nimeiona ile picha, wameikosea." Na Maskati likarudi jibu, sekunde nne tu, nililisikia kutoka jikoni: "Nshakwambia usiitazame." Toka hapo wiki nzima hawakubishana. Sijawahi kuona nyumba yangu ina utulivu mbaya namna ile.

Ndipo nikapata akili, na hii ndiyo sehemu yenye faida kwa atakayeuziwa kama nilivyouziwa mimi. Runinga yoyote ukiingia kwenye menyu ya picha kuna mstari wa rangi. Ushushe mpaka 0. Filamu yote inarudi kijivu. Si kijivu chenyewe, kimefifia kidogo, kama kanga iliyofuliwa sana, lakini kwa mama kinatosha. Nikaianzisha upya bila kumwambia kitu. Ulipofika usiku wa unyoya akajiinua kwenye mito, akakaza macho, akasema: "Si zambarau hiyo?" Nikamwambia zambarau tupu. Simu ikatafutwa hapo hapo.

Ukakaribia ukumbi wa vioo. Nimeshika rimoti kama mtu anayetaka kuvusha watoto barabara. Mpango wangu: wimbo ukianza tu, rangi ipande kutoka 0 mpaka 50 kwa mpigo. Haipandi kwa mpigo. Inapanda moja moja, na menyu yenyewe hukaa katikati ya kioo, kwa hiyo Madhubala anaingia na ubao wa namba umemziba uso kuanzia nyusi hadi kidevu, 11, 12, 13, mimi nabonyeza mpaka kidole kinauma, betri nazo zinagoma, vioo vya pembeni vinaanza kuiva kidogo kidogo, 26, 27, sketi inapata wekundu, 38, na mama kimya, kimya kabisa, kikombe cha kahawa kimesimama njiani hakijafika mdomoni.

Menyu ikaondoka. Madhubala huyo, na uso wake wote.

"Hee!" mama akasema. Halafu akanipiga bega. "Kilikuwa kitu gani pale mbele? Hebu irudishe nyuma, sikuona vizuri."

Nimeirudisha mara tatu. Nyota mbili. Labda tatu, nikibadilisha betri.